Fasili ya Kilele cha Nne

"Fungua kinywa, mwanangu, fungua," Dismas Kapufi alikuwa anabembeleza, na Mdeko, kama kawaida yake, akazidi kukaza taya.

Nilisimama mlangoni mwa banda na koti langu zito, mkoba wa vifaa begani, nikingoja wamalize mabishano yao. Asubuhi za Ufipa hazina huruma na magoti ya mtu wa umri wangu. Upepo ulikuwa unapenya chini ya mabati na kupeperusha makapi, na nilitamani kurudi kitandani kuliko nilivyotamani kitu kingine chochote.

"Shikamoo, mama," Dismas alisema aliponiona.

"Marahaba. Amekula?"

"Amekunywa uji."

"Nimeuliza kama amekula."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekesha. "Basi hajala."

Mdeko alikuwa pimbi. Si hawa pimbi wa kwenye mawe wanaoota jua na kumkimbia mbwa. Huyu alikuwa na ukubwa wa ndama aliyeachishwa ziwa, miguu mifupi minene, manyoya ya kahawia, na uso ule ule wa pimbi, uso wa mtu aliyeudhiwa na majirani. Jamaa zake walitoweka duniani zamani sana, kabla hata ya watu kuwapo wa kuwapa jina. Kilichobaki kwao ni meno. Mifupa huoza, huvunjwa na maji, hutafunwa na fisi, lakini jino hukaa. Mtambo wa kituo chetu, kituo cha kuhuisha wanyama waliotoweka, ulilishwa maneno ya Kamusi ya Meno, ukajenga jino kutokana na maneno hayo. Kutoka kwenye jino ukakisia taya, kutoka kwenye taya fuvu, kutoka kwenye fuvu mnyama mzima, na palipopungua ukaazima chembe za pimbi wa leo. Wakapatikana sita. Walitakiwa kuteremshwa bondeni wakale miiba ya kigeni iliyomeza malisho yote, ng'ombe wa watu wapone. Badala yake wakawa wanakonda mbele ya macho yetu.

"Mshike," nilisema.

Dismas ni daktari wa mifugo, mwenye mikono mipana na subira ambayo mimi sina. Alimkumbatia Mdeko shingoni, akapenyeza kidole gumba kwenye pengo la nyuma ya meno ya mbele, na kinywa kikafunguka. Harufu ya uji wa ulezi ikanipiga usoni.

Kituoni kwetu hakuna anayetangaza kilele cha jino, ile ncha inayosaga chakula, kwa macho peke yake. Macho hudanganywa na mwanga. Kila mmoja wetu hufuga ukucha mmoja mrefu, wa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, na mjini Sumbawanga wauza nguo wanatujua kwa huo na kututania. Nikauingiza ukucha wangu kinywani mwa Mdeko, nikatafuta gego la juu, nikafika pembe ya nyuma upande wa ulimi. Hapo ndipo kinaposimama kilele cha nne. Nikaanzia nchani, nikateremka polepole kuelekea kilele cha kwanza. Kabla sijafika, chini kabisa, ukucha ukanasa.

Nikarudia upande wa pili. Ukanasa tena.

"Umenasa?" Dismas aliuliza.

"Umenasa."

 Alimwachia Mdeko, naye akatikisa kichwa kwa hasira, akaenda kujaribu kutafuna shina la mmea mkavu. Tulimtazama wote wawili. Taya lilikwenda kulia, likaja kushoto, shina likatoka kinywani zima, limelowa mate tu.

*

Juu ya meza yangu kulikuwa na taya la mtoto wa pimbi wa kale, la kweli hili, lililochimbwa mwaka ule kwenye makorongo mekundu ya upande wa ziwa. Mtoto huyo alikufa kabla gego lake halijachomoza. Jino lilikuwa bado limelala ndani ya mfupa, halijawahi kugusa jani wala mchanga. Wachimbaji wote waliotutangulia walikuwa wameokota meno ya watu wazima, meno yaliyolika mpaka vilele vimekuwa bapa kama sahani. Hili lilikuwa la kwanza jipya kabisa. Nilikuwa nimekwisha kupitisha ukucha kwenye kilele chake cha nne mara nyingi, nikiomba unase. Haukunasa hata mara moja. Uliteremka laini na kupanda moja kwa moja kwenye kilele cha kwanza.

Naomba nieleze, maana hapa ndipo watu huniacha na kwenda kunywa chai.

Maneno ya meno yanachosha. "Mbele" ya gego si mbele ya uso. Ni upande unaoelekea katikati ya midomo, hata kama gego lenyewe limejificha shavuni. Meno ya juu yana majina yake na ya chini yana yake. Jino la kulia tunalichora kama la kushoto ili yote yafanane, na mgeni akisahau hilo anaweza kujenga mnyama mwenye kinywa kilichopinda. Hayo yote huzoeleka. Balaa ni kilele cha nne. Wazee wa kamati ya kwanza, waliostaafu kabla sijaajiriwa, walikipa jina kwa kutazama mahali pake: kilele kilichosimama pembe ya nyuma, upande wa ulimi. Wakaishia hapo. Ni sawa na kumwita mtu baba mwenye nyumba kwa sababu tu umemkuta ameketi sebuleni. Siwalaumu, maana meno waliyokuwa nayo yalikuwa yamelika na yasingeweza kuwaambia zaidi. Lakini kilele kinaweza kufika pembe hiyo kwa njia mbili. Kinaweza kumeguka kutoka kwenye kilele cha kwanza, kama pacha. Au kinaweza kuota juu ya mshipi, ule ukingo wa enameli unaozunguka shina la jino karibu na ufizi. Cha kumeguka hukaa ndani kidogo, na kinywa kikifungwa hutumbukia kwenye bonde la jino la chini. Cha mshipi hukaa nje zaidi, na mfereji unaokitenga na cha kwanza ndio unaonasa ukucha. Kinywa kikifungwa hugonga ukuta wa jino la chini, na magego hayakutani.

Mtambo uliambiwa "pembe ya nyuma, upande wa ulimi." Ukachagua mshipi. Haukukosea, maana ulifanya ulichoambiwa.

Kazi yangu ilikuwa kuandika fasili mpya. Mimi, Leokadia Sichalwe, ndiye niliyekuwa na muhuri wa Kamusi, na fasili isiyo na alama ya kidole changu Mtambo haukuisoma. Jumatatu mifuko mia mbili ya kukuzia vijusi ilikuwa ianze kazi. Nikinyamaza, wangezaliwa pimbi mia mbili wenye njaa kama ya Mdeko. Nikiandika ukweli, sheria ya uhuisho ilikuwa wazi: mnyama ambaye jino lake linapingana na fasili ni kosa la kiwanda, na kosa la kiwanda hurudishwa kiwandani. Wanasema "hurudishwa". Nimewahi kuona gari linalokuja kuwachukua, na sikuwahi kuona linalowaleta.

Kulikuwa na njia ya tatu, na sitajifanya sikuifikiria. Ningeweza kukipa kilele cha Mdeko jina lake la pekee, kikaingia kwenye Kamusi kama kitu halali. Lakini Kamusi hiyo inasomwa na mitambo ya nchi nyingi, na kwenye mitambo jina ni agizo. Siku moja mtu asiyenijua angelibonyeza jina lile, na njaa ile ile ingezaliwa mahali ambapo hakuna Dismas wa kupika uji.

Nilikaa pale mpaka shingo ikaniuma. Nilichoka, na nilichoshwa zaidi na kujua kwamba watu wengine wote waliohusika walikuwa wamestaafu.

*

Mchana Dismas alikuja ofisini na sahani mbili za ugali na samaki wa migebuka. Aliweka yangu pembeni mwa taya la kale, akavuta kiti.

"Utaandika?" aliuliza.

"Nitaandika. Mia mbili, Dismas."

"Najua." Alimega tonge akaliacha mkononi. "Mdeko nimemshika tangu akiwa na unyevu wa mfuko, na hawa watano nimewauguza tangu nilipohamia. Niambie tu kama kuna njia, mama. Kama hakuna niambie pia. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Watano wana njia," nikamwambia.

Akainua uso.

Nilikuwa nimeshinda na hilo tangu nilipotoka bandani, nikiligeuza nione kama ni ukweli au ni huruma imevaa koti la ukweli. Fasili ya kweli ya kilele cha nne inaonekana kwenye jino jipya tu. Likishalika, mshipi umekwenda, mfereji umekwenda, na hakuna ukucha duniani utakaojua kilitokea wapi. Kwa hiyo fasili ya haki lazima ibebe maneno hayo: kwa jino ambalo halijalika. Sikuwa nayatia ili niokoe mtu. Yangekuwamo hata kama pimbi wote wangekuwa wazima. Na sheria inasema jino lisilosomeka halimhukumu mnyama wake. Wale watano wakubwa walilelewa nje, kabla Dismas hajahamishiwa kwetu, wakilishwa matawi ya bondeni yenye vumbi na mchanga. Waliumia, walikonda, lakini mchanga uliwasaga vilele. Nilikuwa nimewapima wote asubuhi ile. Magego yao yalikuwa bapa.

"Na Mdeko?" alisema.

 Yeye mwenyewe alishalifikia jibu. Mdeko alikuwa wa mwisho kuzaliwa, na tangu meno yake yalipochomoza alilia akitafuna, na Dismas hakuweza kuvumilia kumsikia akilia. Akampikia uji, kila siku, uliochujwa. Magego ya Mdeko yalikuwa makali, safi na ya kusomeka wazi, kama yametoka kwenye Mtambo jana.

Aliweka tonge lake chini. "Kumbe nimemuua mimi," alisema.

"Umemlisha."

"Mama, nimemuua kwa uji!"

"Acha hivyo. Ungefanya nini, umwache alie?" Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka. Nilimpenda sana saa ile, na sikuwa na nguvu ya kumfariji.

 Upepo ulikuwa unagonga dirisha. Akasema, kama anayezungumza na sahani, "Punda akiota jino vibaya tunamsaga kwa tupa. Dakika chache tu. Kesho yake anakula. Yule mtoto ningemsaga tangu mwanzo, laiti sheria ingeniruhusu."

Hakuna chombo kinachoruhusiwa kugusa jino la mnyama aliyehuishwa. Jino ndilo hati yake. Daktari anayeligusa hupoteza leseni, na mwenye muhuri anayeligusa hupoteza muhuri. Maisha yangu yote nimewaambia wanafunzi: jino lisiguswe kwa chombo, lisipakwe rangi, lisisafishwe hata kwa mswaki, kwa sababu linajua jambo tusilolijua. Na mchana ule, nikimtazama mtu mzima akilia juu ya migebuka, nilijiuliza kwa mara ya kwanza kama Mdeko aliota meno ili tuyasome au ili ale.

"Tupa unayo?" nikauliza.

"Mama."

"Nimeuliza kitu rahisi."

"Ninayo. Lakini wewe huwezi. Wewe ndiye muhuri. Ukiukosa, fasili yako itatupwa pamoja na wewe."

"Fasili iliyokwisha kutiwa muhuri haitenguliwi kwa kosa la baadaye. Nimeisoma sheria hiyo kuliko walioitunga. Naandika kwanza, naweka kidole. Halafu ndiyo twende."

"Nitasaga mimi, peke yangu."

"Wewe una leseni, na kuna watano wanaokuhitaji. Utashika kichwa. Hukuona chochote, ulikuwa unatazama masikio."

*

Niliandika: Kilele cha nne, katika magego ya juu ya pimbi wa kundi hili, ni kilele kilichomeguka kutoka kilele cha kwanza na kuhamia pembe ya nyuma, upande wa ulimi, hakihusiani na mshipi, kitambuliwe kwa jino ambalo halijalika. Nikasoma mara moja, nikaweka kidole. Kioo cha kompyuta kikawaka kijani. Mkaguzi wa Mamlaka inayosimamia uhuisho alikuwa amepewa taarifa sekunde ile ile, na wakaguzi wa siku hizi hawachelewi. Angefika kesho yake asubuhi kuwapima wanyama kwa fasili hiyo.

Jua lilikuwa bado lipo tulipomlaza Mdeko. Dismas alimpa dawa ya ganzi ya ufizi, si ya usingizi, kwa kuwa moyo wa mnyama huyu hakuna aliyeujua vizuri. Nikashika tupa. 

Upande wa kushoto ulikwenda vizuri. Enameli ilitoka kama unga wa chaki, kisha dentini ya njano iliyo chini yake, kisha pakawa bapa. Nilipitisha ukucha: hakuna mfereji, hakuna mshipi, hakuna kitu cha kusoma.  Kila mpapaso wa tupa ulifuta ushahidi ambao nisingemsamehe mwanafunzi kuugusa.

Upande wa kulia niliharakisha. Nilikuwa nimechoka, mkono ukazama, na Mdeko akapiga ukelele ambao sitausahau. Nilikuwa nimefika kwenye neva.

"Inatosha," Dismas alisema. "Inatosha, mama, acha."

Nikaitupa tupa chini. Tulikaa kwenye makapi, mimi nimeegemea ukuta, yeye amelaza kichwa cha yule mnyama mapajani, akimwomba radhi kwa Kifipa. Ganzi ilipoisha, Mdeko aliinuka akiyumba, akaenda moja kwa moja kwenye shina la mwiba lililokuwa pembeni. Akalitia kinywani upande wa kushoto, na tukasikia limevunjika.

*

Mkaguzi Semkiwa alikuwa mwanamume mrefu, mwenye suti iliyokunjamana kwa safari na macho mekundu. Alisalimia kwa heshima, akaomba maji, akanywa yote. Nilijua sura ile. Ni sura yangu mwenyewe kwenye kioo cha bafuni.

Wale watano hawakumpotezea muda. Alipitisha ukucha wake, maana na yeye alisomea kazi hii, akawa anatikisa kichwa. "Halisomeki. Halisomeki." Dismas alikuwa anamfungulia vinywa bila kutazama upande wangu.

Kwa Mdeko alikaa muda mrefu. Alitoa ukucha, akamulika kwa tochi, akaingiza tena. Kisha akaketi juu ya debe lililopinduliwa.

"Huyu ndiye mdogo kuliko wote," alisema.

"Ndiyo," nikajibu.

"Na magego yake yamelika kuliko ya wakubwa zake."

Dismas akakohoa. Semkiwa hakumtazama. Alinitazama mimi, na nikaona ananipa nafasi, ameiweka wazi mbele yangu kama mlango. "Labda alikula mchanga mwingi," alisema taratibu. "Watoto wengine wana tabia hiyo. Ukiniambia jino hili limelika, Daktari, mimi nitaandika limelika. Wewe ndiye mwenye neno."

Ilikuwa rahisi sana. Neno moja tu, tena nisingekuwa nimemdhuru mtu. Lakini nilikuwa nimeandika neno hilo hilo kwenye fasili jana yake. Kulika ni kazi ya chakula na miaka. Nikiliita hili kulika, basi fasili yangu ilikuwa na tundu siku moja tu baada ya kuzaliwa, na tundu hilo ningekuwa nimelitoboa mwenyewe.

"Halijalika," nilisema. "Limesagwa kwa tupa. Niliyesaga ni mimi. Kulia nimekwenda ndani mno, utaona."

"Mama!" Dismas alisema.

"Bwana Kapufi alikuwa anashika kichwa. Nilimwambia ni uchunguzi."

Semkiwa alifumba macho kidogo. "Ungeweza kuniachia hili," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na hasira. "Ungeweza kunyamaza tu."

"Najua."

"Jino halisomeki, kwa hiyo mnyama anabaki. Sheria haiulizi lilipoteaje. Lakini wewe inakuuliza."

"Najua, baba. Fanya kazi yako."

Alitoa kifaa chake mfukoni. Nikaweka juu ya kioo chake kidole kile kile nilichokitumia jana, na baada ya kitambo kidogo kioo kikawaka chekundu: muhuri wangu ulikuwa umefutwa. Nilidhani ningelia. Badala yake nilihisi njaa.

Semkiwa aliendelea kuandika ripoti yake akiwa amesimama, akinong'ona majibu anapoandika: idadi sita, afya hafifu, meno hayasomeki, wabaki kituoni. Alipofika mwisho akasita, kalamu ya kifaa hewani, akageuka kwangu bila kufikiri.

"Daktari, hawa niwaandike ni wanyama gani? Maana pimbi wa kale siyo, na wa sasa siyo."

Nikafungua mdomo nimjibu, kwa mazoea ya maisha yote. Kisha nikaufunga. Dismas alikuwa ameinamisha uso. Mdeko alikuwa anatafuna, kwa upande mmoja tu, polepole, na mkaguzi aliendelea kunitazama akingoja neno ambalo halikuwa langu tena.